Seramu ya vitamini C: kinachoifanya ing'arishe ngozi ndicho kinachoiharibu chupani

Waulize watu watatu waliopaka seramu ya vitamini C, kile kimiminika chepesi cha kupaka usoni, wanaionaje, utapata majibu yasiyokutana. Mmoja madoa yake ya chunusi yamefifia na uso umechangamka. Wa pili amemaliza chupa nzima na hajaona tofauti yoyote. Wa tatu ilimwasha, na pale ilipomwasha pakabaki weusi mzito kuliko ule aliotaka kuuondoa. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli, na huenda chupa zao zote ziliandikwa "Vitamin C" kwa herufi kubwa.

Tofauti hizo hazitokani na bahati. Nyingi zinaelezwa na tabia moja ya asidi askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe: ni molekuli inayotoa elektroni zake kwa urahisi sana. Kwa sababu hiyo inafanya kazi kwenye ngozi, na kwa sababu hiyo hiyo inakufa ikikutana na hewa, mwanga au joto. Uchachu wake unaochoma, chupa zake za rangi ya giza, maumbo yake mengi yenye majina marefu, bei zinazopishana vibaya, vyote vinarudi hapo.

Doa linatoka wapi

Chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi kuna seli ziitwazo melanosaiti. Kazi yake ni kutengeneza melanini, yaani rangi, na kuigawa kwa seli jirani. Melanosaiti moja huhudumia seli takriban 30 hadi 40. Mtu mweusi na mtu mweupe wana idadi inayokaribiana ya melanosaiti. Kinachowatofautisha ni kiasi na aina ya melanini, na ukubwa wa vifuko vinavyoibeba. Hiyo ndiyo rangi yako ya kuzaliwa, imo kwenye jeni zako, na seramu ya vitamini C haiigusi. Anayeinunua kwa matumaini ya kuwa mweupe kuliko alivyozaliwa amenunua kitu kisichokuwepo.

Doa ni jambo lingine. Ukitumbua chunusi, ukiungua, ukikwaruzwa au ukikaa juani kupita kiasi, melanosaiti za mahali pale hushtuka na kumwaga rangi nyingi kuliko inavyohitajika. Kidonda kinapona, weusi unabaki. Ngozi nyeusi hushtuka upesi zaidi, na weusi wake huweza kukaa miezi mingi. Hapa vitamini C ina la kufanya.

Melanini huanza na asidi amino iitwayo tirosini. Kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, chenye shaba katika kiini chake, huibadili tirosini hatua kwa hatua hadi inakuwa dopakwinoni, na kutoka hapo safari ya kuwa rangi inaendelea karibu yenyewe. Vitamini C huingilia katikati ya safari hiyo. Huipa dopakwinoni elektroni na kuirudisha hatua moja nyuma, na pia huvuruga kazi ya ile shaba. Kemia hii unaweza kuiona jikoni. Kata tufaha na uliache wazi: baada ya muda linageuka kahawia, kazi ya kimeng'enya cha ukoo ule ule chenye shaba. Upande uliopakwa maji yenye vitamini C huchelewa kugeuka. Unachelewa tu, kwa sababu vitamini ile ikishatoa elektroni zake zote, ukahawia unaendelea. Na sehemu iliyokwisha kugeuka kabla hujapaka hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Yote mawili yanatokea pia usoni. Kwanza, seramu inapunguza rangi mpya inayotengenezwa, haifuti ile iliyokwisha kuwekwa. Rangi ya zamani inaondoka pale seli zilizoibeba zinapopanda juu na kubanduka, na safari hiyo huchukua takriban wiki 4 kwa kijana, na zaidi kadiri umri unavyosogea. Ndiyo maana mtu anayetarajia badiliko ndani ya siku chache atavunjika moyo, na ndiyo maana wiki 8 hadi 12 ni muda wa haki wa kuipima. Pili, ukiacha kupaka huku chanzo cha doa kipo, doa linarudi.

Je, kwa watu halisi inafanya kazi? Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mexico kwa wanawake 16 wenye melasma, yale mabaka ya kahawia yanayotanda mashavuni na kwenye paji la uso, mara nyingi wakati wa ujauzito au kwa wanaotumia dawa za homoni. Kila mmoja alipaka asidi askobiki ya asilimia 5 upande mmoja wa uso na haidrokwinoni, dawa ya kufifisha weusi, ya asilimia 4 upande wa pili, kwa wiki 16, huku akijikinga na jua kila siku. Kwa tathmini ya macho, matokeo mazuri au mazuri sana yalionekana upande wa haidrokwinoni kwa wanawake 15, na upande wa vitamini C kwa wanawake 10. Kifaa cha kupima rangi hakikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili. Lakini walioudhika na madhara kama muwasho walikuwa 11 upande wa haidrokwinoni, na mmoja tu upande wa vitamini C.

Wanawake 16 ni wachache, na sitaki mtu ajenge nyumba juu ya utafiti mmoja. Hata hivyo, kwangu mimi hesabu ile ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kwa ngozi inayotengeneza weusi kila inapoudhiwa, dawa ya polepole isiyoudhi ni bora kuliko dawa ya haraka inayoacha kovu jipya la rangi.

Mng'ao na jua

Wengi wanaposema uso umeng'aa hawazungumzii madoa peke yake. Wanazungumzia ule uchangamfu wa ngozi isiyochoka. Sehemu ya hilo inatokana na kazi nyingine ya vitamini C: bila hiyo, vimeng'enya vinavyosuka kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, haviwezi kufanya kazi. Binadamu hawezi kujitengenezea vitamini hii, kwa kuwa jeni ya kuitengeneza iliharibika kwa mababu zetu wa kale sana, kwa hiyo tunategemea chakula. Chakula kinatosha kabisa kuiweka ngozi hai. Lakini damu ikishajaa vitamini C, kinachozidi hutolewa kwenye mkojo, kwa hiyo kumeza vidonge zaidi na zaidi hakuongezi kinachofika usoni. Kupaka ni njia ya kuipita foleni hiyo.

Kazi ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Miale ya urujuanimno ya jua ikigonga ngozi huzalisha chembe zenye upungufu wa elektroni. Chembe hizo hunyang'anya elektroni kutoka kwenye chochote kilicho karibu: mafuta ya ngozi, kolajeni, hata DNA. Losheni ya kukinga jua hupunguza miale inayoingia, lakini haiizuii yote. Vitamini C ikiwa tayari imo ndani ya ngozi hujitoa yenyewe, ikazipa chembe zile elektroni kabla hazijaharibu kitu cha maana. Mtafiti Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walionyesha kwamba mchanganyiko wa asidi askobiki asilimia 15 na vitamini E asilimia 1 huipa ngozi kinga ya takriban mara 4 dhidi ya madhara ya jua. Mwaka 2005 wakaripoti kwamba kuongeza asidi feruliki, kiambato kinachopatikana kwenye mimea, kwa nusu asilimia hupandisha kinga hiyo hadi takriban mara 8, na huku hufanya mchanganyiko udumu zaidi. Walitumia ngozi ya nguruwe, ambayo inafanana sana na yetu, na haimaanishi kwamba seramu inachukua nafasi ya losheni ya jua. Inafanya kazi nyuma yake, kwa kile kilichopenya.

Ndiyo sababu inapendekezwa kupakwa asubuhi. Ukiniuliza kati ya seramu bila kinga ya jua na kinga ya jua bila seramu uchague ipi, nitakwambia chukua kinga ya jua, na sitasita hata kidogo. Jua ndilo linaloamuru melanosaiti zifanye kazi. Kupaka seramu asubuhi na kutoka bila kinga ni kupunguza rangi kwa mkono mmoja na kuiongeza kwa mwingine.

Wenye ngozi nyeusi kuna jambo jingine wanalopaswa kulijua kuhusu losheni ya jua, nalo halisemwi vya kutosha. Si miale ya urujuanimno pekee inayotia weusi. Mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho nao huchochea rangi kwenye ngozi nyeusi na kuzidisha melasma, na losheni nyingi za jua zisizo na rangi haziuzuii. Zile zenye rangi ya ngozi, ambazo zina oksidi ya chuma, ndizo zinazosaidia hapo.

Kwa nini inachoma, na kwa nini asilimia si kila kitu

Ngozi ni ukuta wenye mafuta, na hairuhusu kirahisi kitu kinachoyeyuka kwenye maji kipite, hasa kikiwa na chaji ya umeme. Asidi askobiki ikiwa katika maji ya kawaida hubeba chaji. Ili chaji hiyo iondoke, maji lazima yawe machachu sana. Kundi la Pinnell lilionyesha mwaka 2001 kwamba pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka uchachu unazidi, inapaswa kuwa chini ya 3.5, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5. Kutoka hapo unaelewa ule mchomo wa sekunde chache unaousikia unapopaka. Ni asidi, na lazima iwe asidi. Mchomo mdogo unaoisha ndani ya dakika moja au mbili hauna neno. Mchomo unaoendelea, wekundu, joto au ngozi kukakamaa ni ngozi inayokataa, na kuvumilia hapo hakuna thawabu.

Kuhusu asilimia, utafiti huo huo ulionyesha kwamba kiasi kinachopenya kinapanda kadiri nguvu ya seramu inavyopanda hadi asilimia 20, kisha kinashuka. Kwa hiyo chupa inayojisifu kwa asilimia 30 haikupi zaidi ya ile ya 20, inakuongezea muwasho tu. Vilevile walikuta kwamba ngozi ikishajaa, vitamini C ndani yake hupungua kwa nusu baada ya takriban siku 4. Hili ni faraja kwa mtu mwenye ngozi nyepesi kuudhika: si lazima upake kila siku. Siku moja ukipaka, moja ukipumzika, akiba bado ipo ndani.

Mimi ningeanza na asilimia 10, na kwa ngozi yenye historia ya kubaki na madoa ningebaki hapo. Wale wanaotaka 15 au 20 wafike huko baada ya ngozi kuzoea.

Chupa inapokufa

Sasa tunarudi kwenye tabia ile. Molekuli iliyo tayari kutoa elektroni haichagui wa kumpa. Hewa iliyo juu ya seramu ndani ya chupa ni mpokeaji mzuri tu, na kila unapofungua kifuniko unaleta wapokeaji wapya. Mwanga na joto huharakisha. Ikishatoa elektroni zake, asidi askobiki hugeuka kuwa asidi dihidroaskobiki, kisha huvunjika zaidi na zaidi, na miongoni mwa mabaki yake imo sukari iitwayo erithrulosi. Sukari hiyo hutumika pia kwenye vipodozi vya kuipa ngozi nyeupe rangi ya kahawia bila jua. Ukishajua hilo, hutashangaa kwa nini seramu iliyoharibika huacha rangi ya machungwa kwenye ncha za vidole, kwenye kucha na kwenye foronya. Mtu ananunua kitu cha kufifisha madoa, na kinaishia kumtia rangi.

Kuipima ni rahisi. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe au pamba, mahali penye mwanga wa mchana. Seramu nyingi za asidi askobiki zikiwa mpya hazina rangi au zina umanjano hafifu sana, kama nyasi kavu, hasa zikiwa na asidi feruliki. Ikifika manjano iliyokolea, imeanza kuchoka. Ikiwa ya machungwa au ya kahawia, imekwisha, hata kama tarehe iliyoandikwa bado haijafika. Usiikazanie kwa sababu ya bei uliyotoa. Usiitupie jicho ndani ya chupa tu, kwa kuwa kioo cha kahawia kitakudanganya. Na zipo seramu zilizotiwa rangi tangu kiwandani, ambazo kipimo hiki hakizifai. Harufu nayo ina habari zake: zenye asidi feruliki huwa na harufu ya chuma au ya nyama iliyochemshwa hata zikiwa nzima, kwa hiyo hiyo peke yake isikutishe.

Kinachofuata kinajieleza. Chagua chupa ndogo kuliko kubwa, ya kioo cha giza au yenye pampu isiyoingiza hewa. Funga kifuniko mara tu baada ya kuchukua matone yako, usiiache wazi huku unapaka. Iweke mahali pa baridi na giza, na kama una jokofu, ndipo mahali pake. Bafuni penye mvuke na dirishani penye jua si pake kabisa. Iliyofunguliwa na kutunzwa vizuri hudumu kwa kawaida miezi michache. Nunua mahali ambapo bidhaa hazikai rafu moja mwaka mzima, tena juani.

Watengenezaji wamejaribu kuukimbia udhaifu huu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa maji: vitamini C ya unga unayochanganya mwenyewe wakati wa kupaka, au iliyosambazwa ndani ya silikoni. Hizi hudumu, ingawa nyingine huacha hisia ya chengachenga usoni. Ya pili ni kuifunga molekuli kwa kuipachika kitu kingine, ili elektroni zake zisitoke ovyo. Hapo ndipo yanapotoka yale majina marefu utakayoyasoma nyuma ya chupa: "Sodium Ascorbyl Phosphate", "Magnesium Ascorbyl Phosphate", "Ascorbyl Glucoside", "3-O-Ethyl Ascorbic Acid", "Tetrahexyldecyl Ascorbate". Hazihitaji uchachu mkali, hazichomi, hazigeuki rangi upesi. Deni lake ni kwamba ngozi yenyewe lazima ikifungue kifungo hicho ndipo vitamini C ipatikane, na haijulikani kila mara inafungua kiasi gani. Katika ule utafiti wa 2001, magnesiamu askobili fosfeti na askobili palmiteti hazikuongeza asidi askobiki ndani ya ngozi. Wengine wameona manufaa kwa baadhi ya maumbo haya, na la sodiamu limechunguzwa hata kwenye chunusi.

Nikipima yote, nasema hivi: asidi askobiki halisi ndiyo yenye ushahidi mzito, lakini ushahidi hauna faida kwa ngozi isiyoivumilia. Ukiwa na ngozi inayowaka kwa kila kitu, umbo pole unalolipaka kila siku linakufaa kuliko umbo kali ulilolitupa kabatini.

Unaposoma orodha ya viambato, kumbuka kwamba hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. "Ascorbic Acid" inapaswa kuonekana mapema, mara nyingi ya pili au ya tatu baada ya maji. Ukiikuta mwishoni kabisa, karibu na manukato, imewekwa ili jina liandikwe mbele ya chupa. Na "dondoo la tunda fulani lenye vitamini C nyingi" si mbadala wa asidi askobiki yenye kiasi kilichotajwa.

Namna ya kuijaribu

Anza mbali na uso. Paka kidogo nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono, mara moja kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo. Ngozi isipofanya vipele wala wekundu, hamia usoni, siku moja ndiyo na moja hapana. Osha uso, ukauke kabisa, kwa kuwa ngozi yenye majimaji huchomwa zaidi. Matone matatu au manne yanatosha uso na shingo. Epuka kope, pembe za pua na midomo. Ipe dakika chache inyonywe, kisha mafuta au krimu yako, kisha losheni ya jua. Vipande vidogo vikijiviringisha usoni unapopaka losheni, umetumia nyingi au hujaipa muda.

Kitu kimoja kipya kwa wakati mmoja. Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo wengi wanapoumia: mtu ananunua seramu, krimu ya retinoli (aina ya vitamini A) na asidi ya kubandua ngozi kwa mkupuo, anavipaka vyote wiki hiyo hiyo, uso unawaka, na hajui wa kumlaumu ni nani. Kwa ngozi nyeusi, kuwaka huko si tatizo la siku mbili. Ni madoa mapya yatakayokaa miezi. Retinoli ihamie usiku. Benzoili peroksaidi ya chunusi isikutane na seramu hii, maana inaioksidisha papo hapo. Kuhusu niasinamaidi, aina ya vitamini B3 iliyomo kwenye seramu nyingi, ile hofu kwamba haichangamani na vitamini C ilitokana na majaribio ya zamani ya maabara yaliyofanywa kwa hali zisizofanana na zile za usoni. Unaweza kuzitumia pamoja.

Piga picha kabla hujaanza, karibu na dirisha lile lile, saa ile ile, bila kipodozi, na uirudie kila mwezi. Kioo unachokitazama kila siku hakiwezi kukuonyesha badiliko la polepole, na kinaweza kukuonyesha lisilokuwepo.

Limau si seramu

Ushauri wa kupaka limau usoni bado unazunguka, kwa hoja kwamba limau lina vitamini C. Linayo, lakini kidogo mno: juisi yake ina takriban miligramu 40 hadi 50 katika mililita 100, yaani kama sehemu moja kati ya mia mbili ya iliyomo kwenye seramu ya asilimia 10. Kilichojaa ndani ya limau ni asidi sitriki, takriban asilimia 5, pamoja na viambato viitwavyo furokumarini. Hivyo vya mwisho ndivyo vya kuogopa. Vikikaa kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza: malengelenge, kisha mabaka meusi yenye umbo la pale maji yalipotiririka. Ndimu ni mbaya zaidi. Tafadhali, usimpake mtoto wala usijipake.

Ikifanya kazi haraka mno

Vitamini C haing'arishi uso mzima kwa wiki moja. Ukipaka kitu chenye jina la vitamini C na ngozi yote ikawa nyeupe ndani ya siku chache, kuna kitu kingine ndani, na vinavyopatikana mara nyingi kwenye vipodozi vya kujichubua ni haidrokwinoni isiyotajwa, steroidi kali au zebaki. Haidrokwinoni ni dawa halali mikononi mwa daktari, kwa muda maalumu. Ikitumika miaka kwa kujiamulia, huweza kuleta weusi wa bluu usiotoka kirahisi, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi vya ngozi mwaka 2001. Steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa midogo inaonekana, huleta vipele, na ukiacha ghafla uso unawaka kuliko mwanzo. Zebaki hupenya hadi kwenye damu na huharibu figo na neva, na huweza kumfikia hata mtoto unayembeba. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa ili kuidhibiti, lakini bado inauzwa. Ishara za kuangalia ni chupa isiyo na orodha ya viambato, isiyo na jina la mtengenezaji, au yenye onyo kwamba usiguse nayo vito vya dhahabu na fedha. Onyo hilo la vito lipo kwa sababu zebaki hushikamana na madini hayo.

Wiki 12 zikipita na picha zako hazionyeshi kitu, huku chupa ilikuwa nzima na kinga ya jua hukuikosa, tazama rangi ya doa lenyewe. Madoa ya kahawia yako juu na husikia dawa za kupaka. Yenye ukijivu au ubluu yamezama chini, mahali ambapo seramu haifiki, na hayo ni ya daktari wa ngozi. Ni ya daktari pia, tena bila kusubiri wiki 12, doa linalokua, lenye kingo zilizochongoka, lenye rangi zaidi ya moja, linalotoka damu au kuwasha bila kukoma, na doa lililokufa ganzi.